Mfereji wa Suez ulivyofika Karagwe

Mitihani imekwisha, bumu bado halijatoka, kwa hiyo nina muda na sina hela, hali inayomfaa sana mtu anayetaka kuandika. Siku hizi nasoma mambo ya Mfereji wa Suez, na kuna jamaa kwenye kikundi chetu cha diskasheni kaniuliza kwa kejeli, eti wewe mtu wa Ihanda, Suez inakuhusu nini? Kwenu hakuna bahari, hakuna meli, mfereji mnaoujua ni wa kutolea maji barabarani mvua ikinyesha. Jibu langu ni refu kidogo, vuta kiti.

Kwa kifupi nasema hivi: mpaka wetu wa kaskazini, sheria iliyotuzuia kutumia maji ya mto wetu wenyewe, na hata vita ya mwaka 1978, vyote vina mzizi mmoja unaokwenda mpaka kwenye ule mchanga wa Misri. Sisemi ni mzizi pekee. Nasema upo, na mashuleni hatukuonyeshwa.

Kwa wasiopajua, Ihanda ni kata ya wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera. Nchi ya vilima, migomba na kahawa. Mto Kagera umetuzunguka kama mkono. Unapanda kuelekea kaskazini ukiwa mpaka kati yetu na Rwanda, ukifika pande za Kyerwa unakunja kwenda mashariki ukiwa mpaka na Uganda, halafu unaingia ndani ya Tanzania, unapita Kyaka na kumalizia Ziwa Victoria. Ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani. Na ziwa nalo linatoa maji Jinja, yanaitwa Nile, yanakwenda Sudan na Misri. Sasa shika hilo la maji, tutalirudia.

Twende Suez kwanza. Kazi ya kuchimba ilianza Aprili 1859 chini ya kampuni ya Mfaransa Ferdinand de Lesseps, na mfereji ukafunguliwa tarehe 17 Novemba 1869. Waliochimba miaka ya mwanzo walikuwa wakulima wa Misri, waliokusanywa vijijini kwa amri na kupelekwa jangwani kwa zamu. Jangwani hakuna maji ya kunywa, kwa hiyo ilibidi uchimbwe mfereji mwingine wa kuleta maji baridi kutoka Nile mpaka kwenye eneo la kazi. Kwa maneno mengine, mfereji wa meli ulijengwa kwa maji ya Nile. Mpaka leo miji iliyo kando ya Suez inakunywa maji hayo.

Faida yake kibiashara haihitaji hesabu nyingi. Kabla ya hapo meli ya London kwenda Bombay ilikuwa inazunguka bara zima la Afrika kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Baada ya 1869 ikakata njia kwa kilometa elfu kadhaa. Na walionufaika zaidi ni wenye meli za moshi, manake majahazi makubwa ya matanga yalipata taabu na upepo wa Bahari ya Shamu. Waingereza ndio walikuwa na meli za moshi nyingi na ndio walikuwa na India. Kwa hiyo mfereji waliochimba Wafaransa kwa jasho la Wamisri ukawa barabara ya Waingereza.

Sasa pwani yetu. Mwaka 1872, miaka mitatu tu baada ya kufunguliwa, meli za kampuni ya British India zilianza kubeba barua na mizigo kila mwezi kati ya Aden na Zanzibar. Zanzibar iliyokuwa inangoja upepo wa msimu ikawa na ratiba. Na wakati huo Karagwe haikuwa kisiwa. Misafara ilikuwa inatoka Bagamoyo, inapita Tabora, mpaka Kafuro, kituo cha wafanyabiashara wa pwani ndani ya himaya ya Omukama Rumanyika. Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika Novemba 1861 walikuta watu wa pwani wameshaizoea njia hiyo. Stanley naye alipita Kafuro mwaka 1876, akapokelewa na Mwarabu mmoja, Hamed Ibrahim, aliyekuwa ameishi hapo miaka. Zilikuwa zinaingia nguo, shanga, nyaya za shaba na bunduki, na zilikuwa zinatoka pembe za ndovu.

Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba tulikuwa tumekaa tu tunasubiri kugunduliwa. Pembe iliyotoka Karagwe ilikuwa inaishia Ulaya, India na Marekani. Kilichobadilika ni kwamba njia ya baharini ilipofupika, wale waliokuwa wananunua mwisho wa mnyororo wakaanza kuja wenyewe mwanzo wa mnyororo. Na hawakuja na nguo tu. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alisaini mkataba wa kufunga soko la watumwa Zanzibar, manowari za Kiingereza zikiwa tayari kufunga bandari yake kama angekataa. Kufungwa kwa soko lile lilikuwa jambo jema, hilo halina mjadala. Ila ona pia nani sasa alikuwa na nguvu ya kumwamuru Sultani.

Mwaka 1875 una mambo mawili ambayo huwa hayasomwi pamoja. Khedive Ismail wa Misri alikuwa na ndoto ya himaya kubwa mpaka kwenye maziwa yetu. Gordon, Mwingereza aliyemfanyia kazi huko Nile ya juu, alimshauri kwamba njia nyepesi ya kufika Buganda ni kutokea pwani ya Afrika Mashariki. Basi Ismail akatuma meli zikashuka Bahari ya Shamu mpaka Kismayu, mji uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, zikauteka mwezi Oktoba. Waingereza wakambana, mapema 1876 akaondoa askari wake. Na Novemba ya 1875 hiyohiyo, madeni yakiwa yamemfika shingoni, Ismail aliuza hisa zake zote za mfereji, zaidi ya 176,000, kwa serikali ya Uingereza kwa karibu pauni milioni 4. Yaani mwezi mmoja bwana mkubwa yuko Kismayu anateka bandari, mwezi unaofuata anauza mali ya nyumbani kulipa deni. Wadau wa siasa mtaona mifano mingine wenyewe, mimi sitaji.

Miaka saba baadaye Waingereza hawakutosheka na hisa. Mwaka 1882 wanajeshi wa Misri chini ya Kanali Urabi walipinga mamlaka ya wageni na ya Khedive. Uingereza ikaingiza jeshi, ikaushika mfereji wenyewe, ikatua Ismailia, kisha ikasonga magharibi ikiufuata ule mfereji wa maji baridi, na tarehe 13 Septemba 1882 ikamshinda Urabi pale Tel el-Kebir. Ona ajabu ya hiyo ramani ya vita: mfereji wa meli ulikuwa mlango wa kuingilia, na mfereji wa maji ya Nile ulikuwa njia ya kwenda nao, manake askari na farasi lazima wanywe. Walisema wanakaa muda mfupi. Askari wao wa mwisho aliondoka Juni 1956.

Hapa sasa ndipo Karagwe inapoingia. Ukishaikalia Misri kwa sababu ya mfereji, unagundua kwamba Misri yote ni Nile. Ukigundua hivyo unaanza kukosa usingizi: je, adui akiushika mto huku juu? Lord Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza, aliliangalia sana jambo hilo. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani wakasaini mkataba wa kugawana. Wajerumani walipewa kisiwa cha Heligoland kule kwao, Waingereza wakapata ulinzi wa Zanzibar na nchi ya Buganda. Na magharibi ya Ziwa Victoria mpaka ukawekwa kwenye latitudo ya digrii 1 kusini, mstari ulionyooka mpaka Kongo.

Mstari ulionyooka, jamani. Aliyeuchora alikuwa na rula na hakuwa na haja ya kuuliza ng'ombe wanakunywa wapi. Wajerumani wakabaki na Bukoba, mji ulioanza kama kituo chao Novemba mwaka huohuo 1890, pamoja na Karagwe. Waingereza wakatangaza ulinzi wao Uganda mwaka 1894, na mwaka 1896 wakaanza kujenga reli kutoka Mombasa, ikafika Kisumu mwaka 1901. Hapo biashara yetu ikageuka uso. Pembe zilikuwa zinakwenda kusini, Tabora, halafu pwani. Baada ya reli, ngozi na kahawa za upande wa Bukoba zikavuka ziwa mpaka Kisumu, zikapanda treni ya Waingereza mpaka Mombasa, na kutoka hapo meli ikakamata njia ya Suez. Mjerumani anatawala, Mwingereza anabeba mzigo na kutoza nauli.

Kuna jambo la kuchekesha pia. Waingereza walijitahidi vile kushika chanzo cha Nile, kumbe maji ya mbali zaidi ya mto huo hayapo Uganda. Yapo juu ya Kagera, Rwanda na Burundi, yaliyoangukia upande wa Wajerumani. Oscar Baumann alifika vyanzo vya Kagera mwaka 1892 na Richard Kandt mwaka 1898.

Ngoja niwe mkweli kama mwanafunzi. Hoja kwamba Suez iliwaleta Waingereza Misri na Misri ikawaleta Uganda siyo ya kwangu, waliisimamisha Robinson na Gallagher katika kitabu chao cha 1961, na wengi wameipinga. Wapo wanaosema mwaka 1882 Uingereza haikuogopa kuhusu mfereji bali kuhusu fedha za matajiri walioikopesha Misri. Wapo wanaosema Uganda ilichukuliwa kwa kelele za wamisionari na makampuni. Mimi naona hao hawabishani sana kama wanavyodhani. Mfereji ulikuwa mali na ulikuwa njia ya jeshi kwa pamoja. Mwenye kuulinda alikuwa anailinda hisa yake na meli yake kwa bunduki ileile.

Mwaka 1888 mataifa yalikuwa yamekubaliana Constantinople kwamba mfereji uwe wazi kwa meli zote, wakati wa amani na wa vita. Karatasi nzuri. Ilipokuja Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakaufunga kwa maadui zao. Februari 1915 jeshi la Waturuki lilijaribu kuuvuka likashindwa. Juni 22 na 23 mwaka huohuo, askari wa Kiingereza waliotoka Kisumu kwa meli waliivamia Bukoba, wakabomoa mtambo wa simu ya upepo wa Wajerumani, wakauacha mji umeporwa, wakaondoka. Mto Kagera ulikuwa mstari wa mbele, huku Wajerumani huku Waingereza, mpaka 1916 Wajerumani walipoondoka. Lakini mwaka 1935, Mussolini alipokuwa anapeleka askari na silaha kuivamia Ethiopia, mfereji uliachwa wazi akapita huku analipa ushuru kama mteja mwingine yeyote. Kwa hiyo uwazi wa mfereji ulitegemea anayepita ni nani na anakwenda kumpiga nani.

Turudi kwenye maji niliyosema mshike. Tarehe 7 Mei 1929 Uingereza na Misri walibadilishana barua. Kwa barua hizo, hakuna kazi yoyote ya umwagiliaji au umeme ingefanyika kwenye Nile, matawi yake na maziwa yake, katika nchi zilizo chini ya Uingereza, ikiwa ingepunguza maji ya Misri au kuyachelewesha, mpaka Misri ikubali. Tanganyika ilikuwa chini ya Uingereza. Kagera ni tawi. Hakuna Mnyambo wala Mhaya aliyeketi kwenye meza ile. Uingereza ilikuwa inailipa Misri utulivu, na malipo yalitoka mfukoni mwetu.

Mwalimu Nyerere alilikataa hilo mapema. Tarehe 4 Julai 1962, hata mwaka wa uhuru haujatimia, serikali ya Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba barua za 1929 haziifungi nchi huru. Ukilinganisha na Nasser, aliyeutaifisha mfereji tarehe 26 Julai 1956, utaona ni wazo moja: kilichosainiwa na mkoloni juu ya mali yetu hakitufungi. Nasser kwa hilo alipigwa na Israel, Uingereza na Ufaransa mwezi Oktoba na Novemba 1956, akapoteza vita uwanjani ila mfereji ukabaki kwake, manake Marekani na Urusi ziliwaambia wale wengine watoke. Lakini Misri ileile iliyokataa mkataba wa kikoloni juu ya mfereji iliushikilia mkataba wa kikoloni juu ya maji. Mwaka 1959 ikagawana na Sudan Nile nzima, meta za ujazo bilioni 55.5 kwake na bilioni 18.5 kwa Sudan, nchi za juu hatukupewa hata ndoo. Siwachukii Wamisri, nchi yao bila mto ni jangwa tupu, na maji yao mengi, kama asilimia 85, yanatoka Ethiopia siyo kwetu. Ila haki haiwezi kuwa ya upande mmoja wa mto.

Halafu ule mstari wa rula ukatudai damu. Kwa kuwa mpaka ulifuata latitudo na siyo mto, kipande cha kama kilometa za mraba 1,850 kaskazini ya Kagera kikawa Tanzania. Tarehe 30 Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin liliingia, na siku mbili baadaye akatangaza kwamba kipande hicho ni cha Uganda, mpaka sasa ni mto. Tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Watu waliuawa, wanawake walibakwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, kiwanda cha sukari kikaporwa. Jeshi letu lilivuka mto kwa daraja la kuelea, likawafukuza, likaendelea mpaka Kampala iliyoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Kosa ni la Amin, asilimia mia. Lakini kisingizio alichokishika mkononi kilitengenezwa mwaka 1890 na watu waliokuwa wanawaza usalama wa Misri.

Mtasema hayo ya zamani. Haya, angalia ya karibuni. Kutoka Juni 1967 mpaka tarehe 5 Juni 1975 mfereji ulifungwa kwa vita ya Waarabu na Israel, kila mzigo wa Afrika Mashariki kwenda Ulaya ukazunguka Rasi. Machi 2021 meli moja tu, Ever Given, ilikwama kwa siku sita dunia nzima ikasimama roho juu. Kuanzia Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walianza kushambulia meli Bahari ya Shamu, makampuni makubwa yakarudi kuzunguka kusini, na mapato ya mfereji yakaporomoka kutoka zaidi ya dola bilioni 10 mwaka 2023 mpaka karibu bilioni 4 mwaka 2024. Safari ndefu ni mafuta zaidi, bima zaidi na makontena yanayochelewa kurudi Dar es Salaam na Mombasa.

Na kahawa ya Karagwe soko lake kubwa liko huko Ulaya. Mkulima aliyeuza kwa butura, yaani aliyeuza maua na kahawa changa kabla ya kuvuna kwa sababu ada ya mtoto haisubiri, hajui Wahouthi ni nani. Lakini gharama ya njia ikipanda lazima mtu aibebe, na kwenye mnyororo huu aliye wa mwanzo ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote. Kwenye biashara ya mbali tangu Kafuro mpaka leo nimeona kanuni moja: mwenye mali anapata kidogo, mwenye kuishika njia anapata kikubwa.

Je, tumebaki kulalamika? Hapana. Kwenye maporomoko ya Rusumo, juu kwenye Kagera, Tanzania, Rwanda na Burundi zimejenga mtambo wa umeme wa megawati 80 wanaougawana sawa. Ni umeme kwenye tawi la Nile, kitu ambacho barua za 1929 zingetaka tukiombee ruhusa Cairo. Na mkataba mpya wa nchi za Nile, ambao Tanzania ilikuwa kati ya nchi za kwanza kuusaini pale Entebbe tarehe 14 Mei 2010, ulianza kutumika kisheria tarehe 13 Oktoba 2024. Misri na Sudan hawajaukubali. Mkataba huo unasema kila nchi itumie mto kwa haki na bila kumdhuru mwenzake kwa kiasi kikubwa. Ni maneno laini, na historia ya Constantinople imenifundisha nisiamini maneno laini bila kuona nani anayalinda. Ila safari hii walau tuliketi mezani.

Kwa hiyo wadau, ninyi mnaosoma sheria, uhandisi wa maji na kilimo, hili ni lenu kuliko langu. Sisi wa historia tunaweza kuonyesha mstari ulitoka wapi. Nani anajua kuupima mto, nani anajua kuandika kifungu kisichomwonea mtu, nani anajua kuweka pampu ya kumwagilia kahawa ya mkulima wa Ihanda kiangazi? Hao ndio watakaokaa kwenye meza zijazo. Kama wapo humu wa Kyerwa, Missenyi au Ngara ambao wazee wao walisimulia ya mtoni, ya biashara au ya vita, tuandikieni kabla wazee hawajaondoka nayo. Haya, tuonane, naenda kuangalia kama bumu limeingia.